Kisanduku cha Tatu

Fomu ya basari ina kurasa nane.
Nimeichapisha kwa Lali, shilingi kumi kila ukurasa,
mmoja akaurudia bure, kwa kuwa wino ulimwishia
katikati ya "Eleza hali ya familia yako."

Swali la kwanza, jina. Hilo nalijua:
Maimuna Shee Athman, wa Langoni, Lamu,
nyumba ya pili kutoka kisima kilichofungwa.
Swali la pili, Baba.
Visanduku viwili vinanikodolea:
YU HAI. AMEFARIKI.
Weka alama panapokuhusu.

Kalamu ikasimama.
Baba yangu hakufa. Baba yangu alitoka
Ijumaa moja, mimi niko darasa la tatu,
kwenda kununua betri za redio.
Redio tulishaiuza. Betri bado hazijafika.

Nikaenda kwa chifu anigongee muhuri.
Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.
"Ungekuwa yatima, mwanangu, ingekuwa rahisi.
Cheti cha kifo kina pahali pa kukibandika.
Cheti cha kutoonekana, serikali haijachapa."
Alisema kwa huruma, na huruma ndiyo iliyoniuma.

Kazi ya mzazi?
"Andika hana," akasema mama,
uzi mdomoni, kofia gotini.
"Mimi sina kazi. Mimi hushona kofia tu."
Basi tukapiga hesabu nyuma ya bahasha:
kofia moja, miezi miwili, shilingi elfu tatu,
tajiri akiamka na roho safi.
Karo ya mwaka, laki moja na elfu ishirini na tatu.
Kofia arubaini na moja.
Miaka saba kasoro miezi miwili.
Mama akacheka hata sindano ikamdondoka:
"Mwaka wako mmoja wa chuo
ni miaka saba ya mato yangu!"
Tukaitafuta sindano kwa magoti, sote wawili.

Lali alinitafutia na kwingine.
Ufadhili mmoja ulitaka niwe nimezaliwa penye theluji.
Mwingine ulinikubali kabla sijaomba,
mradi nitume elfu tano, ada ya usajili, kwa simu.
Lali akaufunga: "Msaada unaoanza kwa kukuomba
huyo ni mwombaji mwenzako."

Kwa maneno mia tatu, eleza kwa nini unastahili.
Kustahili. Nimelala na neno hilo siku tano.
Barua ya kwanza nililia mno, nikajichoka.
Ya pili nikajisifu, hata mama akauliza ni nani huyu.
Ya tatu nikaandika habari ya maji:
kwamba kisima chetu bibi alikinywa kitamu,
kikageuka mwaka ule nilipojua kusoma;
kwamba sukari ya chai yetu hupigana kwanza na chumvi
ndipo itufikie ulimini;
na kwamba nataka kujua, kwa vipimo, si kwa hadithi,
chumvi hiyo imeingilia wapi.
Maneno mia mbili na kumi na moja.
Themanini na tisa yaliyobaki nikawarudishia wenyewe.

Usiku wa mwisho nikachukua rula.
Kando ya vile viwili, ukingoni kabisa,
nikachora kisanduku cha tatu, nikakitia alama,
nikaandika: HAJULIKANI ALIPO.

Asubuhi skana ya Lali ikala ukingo.
Kwenye kioo, kisanduku changu kizima,
maneno yake yamekatwa: HAJULI.
"Turudie?" Saa tano na dakika hamsini.
Saa sita mlango wa maombi unafungwa.
Umeme ukapepesa.
Nikasema, tuma.

Hii ni wiki ya sita. Simu ikilia
ni kampuni inanizawadia dakika za bure
nizungumze na nimpendaye.
Mokowe kimya.
Jana mama amekata kitambaa kipya,
akakichora kwa penseli, akatunga uzi.
Sikumuuliza. Alinijibu mwenyewe,
bila kuinua kichwa:
"Ya kwanza."